Somo wangu amebadilisha kufuli: je, nisaini karatasi ya milioni 3?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lindi mjini, nina umri wa miaka 38. Nakuandikia kuhusu biashara ya kubangua korosho niliyoianzisha mwaka 2019 pamoja na rafiki yangu anayeishi Mtwara. Tuna jina moja, na kwa hiyo tangu utotoni tunaitana somo. Tulichezwa unyago msimu mmoja, na mama zetu walikuwa majirani. Nayasema haya ili uelewe kwa nini hatukuandikiana chochote.

Tulikubaliana siku ya Ijumaa, tukiwa tumeketi mkekani uani kwake, kwamba mimi nitoe fedha, yeye atoe eneo na ujuzi kwa kuwa aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha kubangua, na faida tugawane sawa kwa sawa. Nilitoa shilingi milioni 4 nilizozipata tulipovunja mzunguko wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Yeye alijenga banda la mabati kwa fedha zake, kama milioni 1 na nusu hivi. Tulianza na mashine mbili za mkono na wanawake sita wa mtaani. Mwaka 2021 mteja wetu wa Dar es Salaam alitaka risiti na jina la biashara linalotambulika, somo akalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa jina lake peke yake kwa sababu mimi nilikuwa kwenye kipindi cha mitihani, na leseni na namba ya mlipakodi vikafuata jina hilohilo. Mwaka 2022 niliongeza milioni 6 kutoka kwenye mkopo wangu wa mshahara, tukanunua oveni ya kukaushia na mashine nyingine nne.

Kwa muda mrefu alinitumia mgawo wangu kwa simu, na kila mara aliandika ujumbe, kwa mfano: "Somo, laki mbili na nusu hiyo, nusu yako ya mzigo wa Dar." Tangu mwaka jana fedha zilipungua, kisha zikakoma, nikaambiwa kwamba soko ni baya. Mwezi uliopita nilifika Mtwara bila kutoa taarifa, nikakuta banda lina kufuli jipya. Mmoja wa wabanguaji aliniambia kwamba mashine na oveni vimewekwa dhamana ya mkopo wa milioni 5 kwenye taasisi moja ya mikopo midogo. Lililoniumiza zaidi ni kwamba mteja wa Dar ameambiwa kuwa mimi si mwenye biashara, nilikopesha fedha tu.

Mjomba wake aliita kikao. Alinisihi mambo yaishe nyumbani, kisha nikapewa karatasi iliyochapwa inayosema kwamba nimepokea milioni 3 kama malipo kamili na ya mwisho, na kwamba sina madai mengine yoyote. Niliomba siku chache za kufikiri. Kaka yangu anataka twende polisi tukamfungulie kesi ya wizi, na anasema tuvunje kufuli tutoe mashine zetu. Mume wangu anasema nichukue hizo milioni 3 nipate amani.

Kuna jambo jingine ambalo naona aibu kulisema. Msimu wa mwaka juzi nilimpa somo milioni 5 nyingine, akazinunulia korosho za kangomba vijijini kabla ya minada kufunguliwa, yaani zile zinazonunuliwa kwa wakulima kwa kipimo kisicho rasmi, nje ya utaratibu. Nilijua ni za nini. Fedha hiyo nayo haikurudi.

Je, nina haki yoyote bila mkataba wa maandishi? Nisaini? Niende polisi au mahakamani? Naomba unisaidie, kwa maana silali.

Mwalimu, Lindi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote macho yangu yamerudi kwenye ule ujumbe wa simu ulioutaja kwa kupita tu. Nitaurudia baada ya kukujibu yale yanayokunyima usingizi. Karatasi ile usiisaini. Polisi usiende kwanza. Kufuli usiliguse, na kaka yako umsihi asiliguse. Amani anayokutakia mumeo naiheshimu, lakini maneno "malipo kamili na ya mwisho" yana uzito mkubwa mno: ukishaweka saini yako chini yake kwa hiari, mbele ya mashahidi, utakuwa umeufunga kwa mkono wako mlango ambao hadi leo uko wazi, na kuufungua tena kutakugharimu kuliko hizo milioni 3.

Swali lako la kwanza ndilo msingi wa mengine yote. Haki unayo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo ndani yake ndimo yalimo masharti yetu kuhusu ubia, inautambua ubia kuwa ni uhusiano uliopo baina ya watu wanaofanya biashara kwa pamoja kwa lengo la kupata faida. Haikusema kwamba watu hao lazima wawe wameandikiana, na makubaliano ya mdomo yaliyofanywa kwa hiari na watu wazima ni mkataba, hata kama yalifanyika mkekani siku ya Ijumaa. Ugumu wa mkataba wa mdomo hauko katika uhalali wake, uko katika kuuthibitisha siku mmoja wenu anapoukana.

Na hapo ndipo watu wengi wanapotishwa na cheti cha BRELA. Jina la biashara husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, ili umma ujue ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo. Cheti hicho si hati ya umiliki wa oveni, wala si ushahidi wa mwisho kwamba aliyeandikwa yuko peke yake. Sikufichi kwamba kitamsaidia somo wako, kwa sababu hakimu atauliza kwa nini jina lako halimo na kwa nini ulinyamaza tangu mwaka 2021. Jibu lako la mitihani linaeleweka, ila lisimame pamoja na ushahidi mwingine.

Ushahidi huo ndio ule ujumbe. "Nusu yako ya mzigo wa Dar." Mwanangu, anayekudai hurudishiwa deni lake, pengine na riba, lakini humwambii mkopeshaji kwamba hii ni nusu yake ya mzigo. Mkopeshaji hana nusu. Hana habari kama mzigo uliuzwa vizuri au vibaya, yeye anangoja tarehe yake tu. Neno lile moja, lililoandikwa na somo mwenyewe kwa kidole chake wakati hakuna ugomvi, linaweza kuzidi mashahidi wengi watakaosimama leo kusema waliyoyasikia. Ni kweli kwamba kupokea sehemu ya faida peke yake hakutoshi siku zote kumfanya mtu kuwa mbia, kwa maana hata mkopeshaji anaweza kukubaliana alipwe kutoka kwenye faida. Kwa hiyo usiuache ujumbe huo peke yake. Ukusanye na wenzake wote, mwezi kwa mwezi, na uuweke sambamba na taarifa ya miamala utakayoiomba kwa kampuni ya simu, ili kila "nusu yako" iwe na fedha iliyoingia siku hiyohiyo. Ongeza risiti ya oveni kama unayo, kumbukumbu ya benki inayoonyesha milioni 6 zilivyotoka mwaka 2022, na majina ya wabanguaji waliokuona ukija wakati wa likizo kupanga madaraja na kuhesabu magunia.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokelewa mahakamani. Hata hivyo mahakama itataka kuridhika kwamba ujumbe umehifadhiwa ulivyokuwa na haukuchezewa, na ndiyo maana nakuomba simu hiyo usiiuze, usiibadilishe, wala usifute hata yale maneno makali uliyomjibu mwezi uliopita. Picha ya skrini ni nzuri kwa kumwonyesha wakili; simu yenyewe ndiyo yenye nguvu.

Sasa kuhusu kaka yako. Namwelewa, kwa sababu ndugu anayekuona huli wala hulali hatafuti kifungu cha sheria, anatafuta mtu wa kumshika. Lakini mbia anayeshikilia mali ya ubia na kugoma kutoa hesabu kwa kawaida ana kesi ya madai, na polisi watakapowasikiliza nyote wawili, mmoja akisema ni mali yetu na mwingine akisema ni yangu, wana haki ya kuwaambia mkamalizane mahakamani. Jinai inahitaji kuthibitisha nia ya kuiba au kulaghai, na inathibitishwa bila kuacha shaka yoyote ya msingi, wakati madai huamuliwa kwa kuangalia upande upi una ushahidi mzito zaidi. Kwa nini uchague mlima mrefu wakati upo mfupi? Kuhusu kufuli, kumbuka kwamba banda limo ndani ya ua wa mtu. Mkivunja, kesho yake ni ninyi mtakaoandikishwa maelezo, na habari ya milioni zako 10 itasahaulika kwa sababu ya bawaba moja iliyong'olewa.

Nimekaa na mafaili ya wabia kwa miaka mingi, na ninachokiamini ni hiki: ugomvi wa wabia, hata ukiwa umevaa nguo ya usaliti, ndani yake ni ugomvi wa hesabu ambazo hazikufanywa kwa wakati. Wewe unalilia urafiki, na una haki ya kulia, lakini hakuna kikao wala mahakama itakayokurudishia siku za unyago. Hesabu inaweza kurudishwa. Kila mbia ana wajibu kisheria wa kumpa mwenzake hesabu za kweli na taarifa kamili za biashara, na kila mbia ana haki ya kuviona vitabu. Kwa hiyo dai lako la kwanza lisiwe "nipe fedha zangu", liwe "tufungue daftari".

Ngoja nikuonyeshe kwa nini, kwa kutumia takwimu zako. Mahali ambapo wabia hawakukubaliana vingine, sheria huwagawia faida sawa na hasara sawa, na ubia unapovunjika mali hufuata utaratibu: kwanza hulipwa wadai wa nje, kisha fedha ambazo mbia aliukopesha ubia zaidi ya mtaji wake, kisha kila mbia hurudishiwa mtaji alioweka, na kinachobaki hugawanywa kama faida. Wewe uliweka milioni 10 kwa awamu mbili, naye milioni 1 na nusu za banda, ingawa ardhi yenyewe itabaki yake kwa kuwa alitoa nafasi ya kufanyia kazi na hakusema anauingiza uwanja wake katika biashara. Tuseme fundi amezithamini mashine na oveni kuwa milioni 14, na wateja bado wanadaiwa milioni 3. Hiyo ni milioni 17. Toa mkopo wa milioni 5, zinabaki 12. Rudisha mitaji, yako 10 na yake 1 na nusu, inabaki nusu milioni ya kugawana, yaani laki mbili na nusu kila mmoja. Wewe ungeondoka na milioni 10 na laki mbili na nusu.

Lakini ule mkopo ulifanya kazi gani? Kama ulinunulia korosho ghafi na kulipa wabanguaji, ni deni la ubia kama nilivyohesabu. Kama uliezekea nyumba yake, basi ni deni lake binafsi, na hesabu inageuka: milioni 17 toa mitaji ya 11 na nusu, zinabaki 5 na nusu, na fungu lako linakuwa milioni 12 na laki saba na nusu. Unaona kwamba swali moja tu la matumizi lina thamani ya milioni 2 na nusu kwako, nalo hujibiwa na daftari, halijibiwi na kelele.

Nami sitakuwa mkweli nikikuonyesha upande wa neema tu. Mashine huchakaa. Huenda fundi akasema zile za kwanza zimeliwa na kutu na vyote kwa pamoja vinafaa milioni 9. Hapo jumla ni 12 pamoja na madeni ya wateja, ukitoa mkopo zinabaki 7, wakati mitaji ni 11 na nusu. Hasara ya milioni 4 na nusu mnaibeba sawa, milioni 2 na robo kila mmoja, na wewe unastahili milioni 7 na laki saba na nusu, huku yeye akitakiwa kuongeza laki saba na nusu kutoka mfukoni mwake. Ujiandae kwa hesabu hiyo pia. Hata hivyo bado iko mbali sana na milioni 3 ulizoandikiwa bila daftari kufunguliwa, na sidhani kama mjomba anajua hivyo.

Jambo jingine ulikumbuke vizuri kabla ya kikao: zile milioni 6 za mwaka 2022, ulipozitoa, mlisema ni nyongeza ya mtaji au ni mkopo wako kwa biashara? Tofauti yake ni foleni. Fedha iliyokopeshwa ubia hulipwa kabla ya mitaji, kwa hiyo haimezwi kirahisi na hasara. Tafuta ujumbe wa siku zile. Kama maneno yenu yalikuwa "tuongeze mtaji", useme hivyohivyo, kwa sababu mtu anayegeuza neno moja hapotezi neno hilo tu, haaminiwi tena hata katika yaliyosalia.

Kuhusu mkopo wenyewe lazima uchukue hatua mapema. Mbia mmoja anapofanya jambo la kawaida la biashara anaweza kuwafunga wabia wote kwa watu wa nje, na kwa hiyo ukisema kwa sauti kwamba wewe ni mbia, jiandae kwamba mkopeshaji naye anaweza kukusikia. Msimamo wako utategemea kama mkopo ulitumika kwa ajili ya biashara na kama taasisi ile ilijua au iliamini kwamba kuna mbia mwingine. Waandikie barua fupi ya kuwajulisha kwamba mashine hizo ni mali ya ubia, kwamba wewe ni mbia, na kwamba hukuidhinisha dhamana ile wala hutaidhinisha mkopo mwingine. Weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mteja wa Dar naye mjulishe kwa lugha ya heshima, bila kumtukana mwenzako hata kwa neno moja, kwa sababu huyo mteja ni sehemu ya thamani ya biashara mnayoigombania.

Nimefika kwenye lile la aibu, na nakushukuru kwamba hukunificha. Milioni 5 za kangomba sikushauri uzidai mahakamani. Mauzo ya korosho ghafi yana utaratibu wake chini ya Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009 na mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika kwenye zao hili msimu wa 2007/2008, na kangomba iko nje ya utaratibu huo. Makubaliano yenye lengo lililokatazwa na sheria ni batili, na mahakama haimsaidii mtu kugawana matunda yake, hata kama mwenzake amemdhulumu waziwazi. Ukiziingiza katika madai yako, utampa wakili wa upande wa pili fimbo ya kuipigia kesi nzima. Usizitumie pia kumtisha somo, kwani moto huo unawachoma wote wawili. Mwambie wakili wako siku ya kwanza, ili kama zimeandikwa katika daftari lilelile ajue namna ya kuzitenga na hesabu halali.

Na uniruhusu niseme kama mama. Ninyi mlipoteza milioni 5, lakini kuna mkulima aliyeshika kipimo kile mwezi Agosti, watoto wanadaiwa michango na ghala halina kitu, akauza kwa bei ambayo Oktoba ilimfanya ashike kichwa. Yeye hana safu ya kuandikia barua. Fedha hiyo ihesabu kuwa imekwenda.

Turudi kwa mjomba. Najua kwetu Kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, neno la mjomba lina nafasi yake katika ukoo, na sikushauri umrukie kwenda mahakamani kana kwamba hayupo. Kosa la kikao cha kwanza ni kwamba msuluhishi alikuwa wa upande mmoja na karatasi ilichapwa kabla ya mtu yeyote kusikilizwa. Omba kikao cha pili. Awepo mjomba wake na awepo wako, na katikati yao akae mtu wa tatu anayejua hesabu na asiye na undugu na yeyote kati yenu. Karani mstaafu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anafaa sana, kwa sababu amezoea kulinganisha kilo, magunia na fedha huku watu wakimpigia kelele. TCCIA ya mkoa, yaani chemba ya wafanyabiashara, au afisa biashara wa manispaa wanaweza kukuelekeza kwa mtu wa namna hiyo. Kazi ya wajomba iwe kuulinda utulivu wa kikao, na kazi ya karani iwe kuliongoza daftari. Kazi hizo mbili zisichanganywe.

Mkikubaliana, yaandikwe yote: nani anabaki na mashine, nani anabeba mkopo, kiasi gani kinalipwa tarehe gani, na nini kitatokea awamu moja ikipita bila kulipwa. Wekeni saini mbele ya wakili, nyaraka ilipiwe ushuru wa stempu, kwa sababu hati isiyolipiwa ushuru huo huzuiliwa kupokelewa kama ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na faini yake. Ukikubali kulipwa kwa awamu, awamu ya kwanza ipokelewe siku ya kusaini. Mnaweza pia kuendelea pamoja, sikatai, lakini kwa hati ya ubia au kwa kusajili kampuni yenye hisa zenu wote wawili, na jina lako liingizwe kwenye kumbukumbu za BRELA kabla gunia moja halijapakiwa.

Kikao kikishindikana, wakili atamwandikia mwenzako notisi ya madai, na muda wake ukipita atafungua shauri la kuvunja ubia, kuchukuliwa hesabu na kugawana mali, pamoja na ombi la zuio la muda ili mashine zisiuzwe kesi ikiendelea. Ombi hilo la zuio ndilo la haraka kuliko yote. Usikimbilie mahakama yoyote kwa kuwa iko karibu na stendi. Shauri la hesabu za ubia si deni la kawaida la mtu aliyekopa akagoma kulipa, na mamlaka ya mahakama hutegemea aina ya shauri na thamani yake. Nimeona madai ya haki yakifutwa baada ya muda mrefu kwa sababu tu yalifunguliwa pasipo pake. Wakili akuthibitishie kama ni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi pale Mtwara. Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara ipo kwa ngazi ya juu. Katika mahakama hizo, shauri la madai likishafunguliwa kwanza hupelekwa kwenye usuluhishi wa mahakama kabla ya kusikilizwa, na makubaliano yanayofikiwa hapo yakisajiliwa hukazwa kama hukumu. Kwa hiyo kwenda mahakamani hakumaanishi kwamba mazungumzo yamekufa.

Kama gharama ya wakili inakulemea, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako inawafahamu waliosajiliwa. Kuhusu muda, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba yasiyowekewa muda mwingine. Usiifanye kuwa mto wa kulalia, kwa sababu oveni haingoji miaka 6, na minada kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Biashara yenu ikiingia msimu na kufuli mlangoni, mtakuja kugawana chuma chakavu.

Anza leo jioni kwa barua kwa somo wako. Iandike kwa mkono, ubaki na nakala, na ampelekee mtu mzima atakayesaini kwamba ameifikisha. Isiwe na lawama ndani yake. Mimi ningeiandika hivi:

"Somo, karatasi ya mjomba nimeisoma na sitaisaini, kwa sababu inataja fedha kabla ya hesabu. Sisi ni wabia tangu mwaka 2019. Naomba tukutane Jumamosi ijayo saa nne asubuhi kwa mjomba wako, na mjomba wangu atakuwepo, pamoja na karani tutakayekubaliana sote. Njoo na daftari la manunuzi, daftari la mauzo, mkataba wa mkopo na risiti za ulikotumika. Mimi nitakuja na risiti zangu, taarifa ya benki na jumbe zote ulizonitumia. Mpaka siku hiyo naomba mashine isiuzwe wala isihamishwe. Msalimie mama."